Jinsi ya Kukata Kona kwa Usalama Kwenye Barabara za Vijijini

Dereva anayegundua katikati ya kona kwamba mwendo wake ni mkubwa mno amebakiwa na njia chache za kujinusuru, na kila moja ina hatari yake. Akikanyaga breki kwa nguvu, matairi yanaweza kuserereka. Akiukata usukani zaidi, gari linaweza kukataa kugeuka. Na asipofanya lolote, ataingia upande wa magari yanayokuja au atatoka nje ya barabara. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mita mia moja au mia mbili zinazotangulia kona. Hapo ndipo dereva anapofanya kazi yake, na yanayotokea ndani ya kona huwa ni matokeo ya uamuzi aliokwisha kuufanya.

Barabara za vijijini zinadai uangalifu wa pekee kwa sababu nyingi kati yake hufuata umbo la vilima, mito na mipaka ya mashamba, wala hazikuchongwa kwa kuzingatia mwendo fulani wa magari. Upana wake hubadilika ghafla, kingo zake mara nyingi huishia kwenye mtaro, majani na miti huziba macho, na nyuma ya kona yoyote huenda pakawa na watu wanaotembea, kundi la mifugo, trekta linalokwenda polepole au baiskeli isiyo na taa.

Kinacholishikilia gari barabarani

Gari zima, pamoja na abiria na mizigo, hugusana na barabara katika sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Sehemu hizo ndizo zinazoongeza mwendo, zinazoupunguza na zinazoligeuza gari, na kazi zote tatu zinagawana uwezo mmoja wa kushika barabara ambao una kikomo. Tairi linalotumia sehemu kubwa ya uwezo huo kwa ajili ya breki hubakiwa na kidogo cha kugeuzia gari, na hapo ndipo breki kali ndani ya kona inapozaa ajali.

Jambo la pili ambalo kila dereva anapaswa kulielewa ni kwamba nguvu inayohitajika kuligeuza gari hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Chukua kona ambayo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, matairi yanatakiwa kulishika gari kwa nguvu ya upande inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake. Ukiipita kwa kilomita 70 kwa saa, nguvu hiyo hufika karibu asilimia 77. Lami kavu iliyo nzuri huweza kuyapa matairi mazima takribani asilimia 70 hadi 80, kwa hiyo kilomita 20 zilizoongezeka zimekutoa kwenye hali ya utulivu na kukufikisha mwisho kabisa wa uwezo wa gari. Lami ikilowa, uwezo huo mara nyingi hushuka hadi asilimia 40 au 50, na ule mwendo wa kilomita 50 uliokuwa na nafasi ya kutosha siku ya jua hauna tena nafasi yoyote ya makosa siku ya mvua.

Maandalizi kabla ya safari

Pima upepo wa matairi yakiwa bado ya baridi, na ufuate kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa kawaida kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Nchi nyingi zinaruhusu kina cha meno ya tairi kisichopungua milimita 1.6, lakini kwa barabara yenye kona na maji ni busara kubadilisha matairi kabla hayajafika hapo. Shokapu zilizochoka huliacha tairi lirukeruke kwenye mashimo, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Mizigo mizito iwekwe chini na ifungwe, kwa sababu mzigo uliopangwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito na kulifanya gari liyumbe na hata kupinduka kwa urahisi zaidi.

Keti ukiwa umenyooka, mgongo ukigusa kiti, na mikono ikishika usukani mahali ambapo tarakimu za 9 na 3 zingekuwa kwenye uso wa saa. Mkao huo hukuwezesha kugeuza usukani vya kutosha bila kuachia mkono na hukufanya uhisi mapema gari linapoanza kuteleza.

Hatua ya kwanza: isome kona ukiwa bado mbali

Alama ya onyo iliyo kabla ya kona na vibao vyenye mishale kwenye ukingo wa nje ni taarifa za bure, na pale vinapokuwa vingi vikifuatana, aliyeviweka alikuwa na sababu. Hata hivyo, barabara nyingi za vijijini hazina alama yoyote, na hapo dereva hana budi kuisoma ardhi yenyewe. Tazama safu ya nguzo za umeme au za simu, mstari wa miti, kuta na ua wa mashamba, kisha ulinganishe na barabara, ukikumbuka kwamba nguzo huweza kukata moja kwa moja shambani huku barabara ikikunja kwingine. Angalia kama ng'ambo ya kona kuna vumbi linalotimka, paa la gari linaloonekana juu ya majani, au mwanga wa taa. Alama za matairi zilizochora lami kuelekea ukingoni, au ua uliovunjwa upande wa nje wa kona, zinaonyesha kwamba wengine tayari wameshindwa hapo.

Nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele huficha sehemu kubwa ya barabara kuliko madereva wengi wanavyodhani, hasa kwenye kona kali. Sogeza kichwa kidogo mbele na nyuma unapokaribia, kwani pikipiki nzima inaweza kujificha nyuma ya nguzo hiyo kwa sekunde kadhaa.

Hatua ya pili: amua mwendo kwa kile unachokiona

Kanuni kuu ni hii: endesha kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama, ukiwa upande wako, ndani ya umbali wa barabara unaouona kuwa mtupu. Dereva makini huhitaji karibu sekunde moja kabla mguu wake haujaanza kufanya kazi kwenye breki, na gari huendelea na safari kwa muda huo wote. Kwenye lami kavu, kusimama kabisa huchukua takribani mita 20 ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, mita 37 kwenye kilomita 60, na mita 57 kwenye kilomita 80. Lami ikilowa, ile sehemu ya breki huweza kuongezeka maradufu, na mita 57 zikawa zaidi ya 90. Kama barabara ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayawezi kupishana, chukua nusu tu ya umbali unaouona, kwa sababu anayekuja naye anahitaji nafasi yake ya kusimama.

Ili kupima umbali huo bila kubahatisha, tazama mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana mbele yako. Huo ndio mwisho wa barabara unayoijua. Chochote kilicho nyuma yake ni cha kukisia. Fuatilia jinsi sehemu hiyo inavyojongea. Ikiwa imesimama mahali pamoja huku wewe ukiikaribia, kona ni kali kuliko mwendo wako, na unapaswa kuendelea kupunguza. Ikianza kusogea mbele kwa kasi iliyo sawa na yako, mwendo wako unalingana na mkunjo wa kona. Ikianza kukukimbia, kona inafunguka na unaweza kujiandaa kuongeza mwendo taratibu. Mbinu hii inafaa kuliko kukariri mwendo wa kila kona, kwa sababu hufanya kazi kwenye barabara usiyoijua, na hukutahadharisha juu ya kona hatari kuliko zote, yaani ile inayoanza kwa mkunjo mpana kisha ikazidi kujikunja katikati: kingo zinazokutana hurudi kukusogelea hata kabla hujahisi gari likivutwa kuelekea nje.

Usiiamini hisia yako ya mwendo baada ya kipande kirefu kilichonyooka. Macho yaliyozoea kilomita 90 kwa saa huona kilomita 60 kama kutambaa, kwa hiyo tazama dashibodi kabla ya kona. Wala usiufanye mwendo wa gari lililo mbele yako kuwa kipimo chako. Huenda dereva wake anaijua kona hiyo, au anafanya kosa ambalo hutaki kuwa nyuma yake litakapomgharimu. Acha angalau sekunde mbili kati yenu kwenye lami kavu, na sekunde nne kwenye lami iliyolowa.

Hatua ya tatu: maliza breki na gia kabla ya kugeuka

Tazama kwanza kioo cha nyuma, kisha kanyaga breki wakati magurudumu bado yamenyooka, kwa nguvu inayoongezeka taratibu na kuachiwa taratibu. Ingiza gia itakayolifanya gari livute vizuri kwa mwendo uliouchagua, na uachie klachi polepole ili injini isishtue magurudumu. Ukifika mahali pa kuanza kugeuza usukani, breki iwe imekwisha na gia iwe tayari. Kubadilisha gia katikati ya kona huondoa mkono mmoja kwenye usukani na huweza kuvuruga mshiko wa matairi wakati ule ule yanapouhitaji zaidi. Kama una shaka kuhusu mwendo, chagua ulio mdogo zaidi: kona iliyoingiwa polepole mno hugharimu sekunde mbili au tatu, na hasara hiyo hufutika kwenye kipande kinachofuata.

Mahali ambapo kona imefichwa kabisa, hasa kwenye barabara nyembamba, piga honi mara moja kabla ya kuingia na ushushe kioo kidogo ili usikie kama kuna anayejibu. Ukimya haumaanishi kwamba barabara ni tupu, kwani anayetembea kwa miguu hana honi.

Hatua ya nne: chagua mahali pa gari ndani ya upande wako

Kona inapokunja kuelekea upande wa magari yanayokuja, wewe upo kwenye ukingo wa nje, na kukaa karibu na ukingo huo, ilimradi ni mgumu na safi, hukuongezea umbali wa kuona na kukuweka mbali na anayeweza kukata kona kwa kuingia upande wako. Kona inapokunja kuelekea ukingo wako mwenyewe, kusogea kidogo karibu na katikati huongeza umbali wa kuona, lakini fanya hivyo pale tu upande wako una nafasi ya kutosha, na uache mara moja dalili ya gari linalokuja inapojitokeza. Usalama ni bora kuliko kuona mbali.

Kuvuka mstari wa kati ili kuinyoosha kona ni tabia ambayo hakuna sababu inayoihalalisha mahali pasipoonekana mbele. Vivyo hivyo kuhusu kulipita gari jingine: usianze kulipita ukikaribia kona, hata kama lililo mbele ni trekta na umelifuata kwa muda mrefu.

Hatua ya tano: ndani ya kona na wakati wa kutoka

Elekeza macho kule unakotaka kwenda, mbele kabisa kadiri unavyoona, kwa sababu mikono huyafuata macho. Dereva anayeukodolea macho mtaro hujikuta akiuelekea. Geuza usukani kwa mwendo mmoja laini, kisha kanyaga mafuta kidogo tu, kiasi cha kulifanya gari lidumishe mwendo wake. Kuachia mafuta ghafla hupeleka uzito mbele na kuyapunguzia mzigo magurudumu ya nyuma, ambayo huweza kuanza kuteleza, hasa kwenye utelezi. Kingo za barabara zinapoanza kufunguka na usukani unaporudi taratibu, ongeza mafuta kwa kiasi kile kile usukani unachonyooka. Abiria anayechefuka kwenye barabara ya kona nyingi ni kipimo kizuri cha ulaini wako, na mara nyingi kosa huwa kwenye breki na mafuta ya ghafla kuliko kwenye kona zenyewe.

Changarawe, tope na mwinamo wa barabara

Kwenye barabara ya changarawe, magari husukuma kokoto zilizolegea kuelekea nje ya kona na kuacha njia mbili au tatu zilizoshindiliwa. Fuata njia hizo ikiwa zipo upande wako, na upunguze mwendo zaidi ya ambavyo ungefanya kwenye lami, kwa kuwa kokoto zilizolegea huviringika chini ya tairi. Uangalifu mkubwa unahitajika mahali lami inapoishia na changarawe kuanza, au pale maji ya mvua yalipoleta mchanga na tope barabarani, jambo linalotokea mara kwa mara upande wa ndani wa kona zilizo chini ya mlima. Mvua ya kwanza baada ya ukame hulainisha vumbi na mafuta yaliyojikusanya kwenye lami, na dakika zake za mwanzo huwa na utelezi wa pekee.

Angalia pia mwinamo wa barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kona iliyojengwa vizuri huinamia ndani na kulisaidia gari kugeuka, ilhali kona iliyozeeka au kutitia huweza kuinamia nje na kulisukuma gari kuelekea mtaroni kwa mwendo ambao kwingine usingekuwa na shida.

Miteremko

Kwenye mteremko mrefu wenye kona, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilishikilie gari na breki zibaki za baridi. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto hadi nguvu yake ikapungua, na dereva huligundua hilo kwenye kona ya chini, pale anapozihitaji kuliko pote. Kanyagio likianza kwenda chini kuliko kawaida, au ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na uziache zipoe. Usishuke kwa gia huru. Njia ikiwa nyembamba, ni desturi njema, na katika nchi nyingi ni sheria, kumpa nafasi anayepanda, kwa kuwa kuondoka upya na mzigo mlimani ni kugumu.

Usiku

Taa za gari nyingi humulika mbele moja kwa moja, wala hazielekei kule kona inakokwenda, hivyo kwenye kona kali zitaangaza shamba huku barabara ikibaki gizani. Taa zilizoshushwa mara nyingi hazikuonyeshi vizuri zaidi ya mita 50 hivi, na tumekwisha kuona kwamba kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa kunahitaji mita 57 hata kwenye lami kavu. Tumia taa kamili pasipo na mtu mbele, lakini zishushe mara tu uonapo mwanga wa anayekuja ukigusa miti ya ng'ambo, kabla gari lake halijajitokeza. Ukimulikwa machoni, tazama ukingo wa upande wako na upunguze mwendo.

Malori, mabasi na pikipiki

Gari dogo kwa kawaida huteleza kabla ya kupinduka, lakini lori lililopakiwa mzigo wa juu huweza kupinduka bila kuteleza kwanza, kwa nguvu ya upande isiyofika asilimia 40 ya uzito wake. Ile kona ya mita 50 inayopitika kwa kilomita 50 kwa saa kwa gari dogo inaweza kulilaza lori kwa mwendo huo huo, na lori la kubeba mafuta au maji lisilojaa huwa na hatari zaidi, kwa sababu kimiminika husukumana kuelekea nje. Magurudumu ya nyuma ya gari refu hukata ndani zaidi ya yale ya mbele, kwa hiyo dereva wa lori hulazimika kupanua kona na huenda akaingia upande wako. Ukiona lori au basi likikaribia kona nyembamba, simama kwenye kipande kilichonyooka na uliache lipite kwanza.

Mwendesha pikipiki naye azingatie kwamba pikipiki iliyolala kwenye kona huchukua nafasi zaidi: tairi lake likiwa karibu na mstari wa kati, kichwa na bega vinaweza kuwa upande wa pili. Kokoto chache au mafuta yaliyomwagika, ambayo gari huyapita bila kuhisi, hutosha kumwangusha, hivyo apunguze mwendo mapema na aepuke breki ya mbele ya ghafla akiwa amelala.

Gari likianza kuteleza

Magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko, gari huendelea mbele ingawa umegeuza usukani. Achia mafuta taratibu na upunguze kidogo mkato wa usukani hadi uhisi matairi yakishika tena; kuuzungusha zaidi hakusaidii. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, sehemu ya nyuma hutupwa nje: toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko, kisha uwe tayari kuurudisha haraka gari linaponyooka. Magari mengi ya kisasa yana mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, ambao ulianza kuuzwa mwaka 1995 na ambao hufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari kwenye mstari. Mfumo huo umeokoa watu wengi, lakini hauwezi kuongeza mshiko usiokuwepo kati ya tairi na barabara. Gurudumu likitoka nje ya lami, shika usukani kwa nguvu bila kuurudisha kwa mshtuko, punguza mwendo kwanza, kisha rudi taratibu.

Gari likiharibika karibu na kona

Kama linaweza kujongea, lisogeze hadi kwenye kipande kilichonyooka hata kama ni kwa kuumiza tairi lililopasuka. Lisipoweza, washa taa za hatari na uweke pembetatu ya tahadhari kabla ya kona, upande magari yanakotokea, ili dereva anayekuja aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Ikiwekwa mita chache nyuma ya gari, ataiona pamoja na gari lenyewe. Kama gari limeziba njia yote, mtu mwingine aende kutahadharisha upande wa pili wa kona. Abiria washuke na wasubiri mbali na barabara, wala wasisimame kwenye ukingo wa nje wa kona, kwa maana huko ndiko linakotokea gari linaloshindwa kuikata.